Mnyama wa Kumi na Mbili

Doña Hermelinda Techera alishinda Jumanne nzima akificha wanyama.

Alianza na sebule. Aliishusha ukutani ngozi ya paka pori ambayo marehemu mumewe, Olegario, aliipata kwa risasi moja na kuisimulia kwa miaka thelathini. Akachukua ufagio wa vumbi wa manyoya ya nyandu, yule ndege mrefu wa nyikani, mfano wa mbuni aliyepungua mwili. Akachukua mkanda wa ngozi ya kenge, na mkia wa mbweha uliofungwa kwenye ufunguo wa stoo, na mwisho kikapu chake cha sindano, ambacho kilikuwa gamba zima la mulita. Mulita ni mnyama mdogo mwenye ngao mgongoni, utadhani kakakuona aliyeshonewa koti la bati, na masikio yake ni ya nyumbu. Vyote akavitia guniani, akalisukuma gunia chini ya kitanda kwa mguu, akakaa kupumua.

Kama yule afisa wa kesho angekubali kuhesabu wanyama wa ndani ya nyumba, kazi ingeisha kabla ya chai ya asubuhi. Bahati mbaya aliwataka walio hai.

Mambo yalikuwa hivi. Shamba la La Porfía, vilima vitupu vya majani, kondoo na upepo, lilikuwa la watu wawili: Hermelinda na mdogo wake Wilmar, muuza viatu kule Montevideo. Baba yao, aliyeamini kwamba mwanamume ana akili hata akihamia mjini, alimwachia Wilmar neno la mwisho. Na Wilmar sasa alikuwa amepata neno lake la mwisho: kampuni ya miti ilitaka kukodi vilima vyote kwa miaka ishirini na kupanda mikaratusi kuanzia barabarani hadi dirisha la jiko. Angetia sahihi Jumatatu. Dada yake alishatengewa chumba katika fleti yake ya ghorofa ya tatu, chumba kinachotazama ukuta, chini ya uangalizi wa Mirtha, mke wa Wilmar, mwanamke anayeosha saladi kwa dawa ya kutoa madoa.

“Utakuwa na lifti,” Wilmar alimwambia kwa simu, kama anayemwahidi mtoto farasi.

“Ya kunipeleka wapi?”

“Chini, Herme. Na juu.”

Basi mwanamke akiwa na miaka sabini na moja, kondoo mia mbili na mbwa sita, haendi kuishi juu na chini. Hermelinda alisikia redioni, katikati ya tangazo la mnada wa ndama na tangazo la mazishi, kwamba shamba lolote litakalothibitishwa kuwa na aina zote kumi na mbili za wanyama wa asili waliotajwa na serikali litaandikwa katika orodha ya hifadhi, na shamba lililoandikwa halilimwi wala halipandwi mti wa kigeni, mwenyewe atake asitake. Akaandika barua kwa mkono wake. Akajibiwa kwamba afisa angekuja Jumatano na kuondoka Ijumaa saa tisa alasiri, kwa sababu gari lilikuwa la kuazima.

Kumi na mbili. Alicheka peke yake. Kwa miaka sitini ukoo wa Techera ulikuwa umepigana na wanyama hao kwa bunduki, mitego, mbwa na matusi, na hawakuisha. Leo ndipo wakose kumi na mbili?

Afisa alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, Yanela Arbiza, miwani, daftari, viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi kama vya gwaride. Hermelinda alimpa kibuyu cha yerba ya moto, chai chungu ya kule, na mrija wake, akampa na mikate ya kukaanga.

“Kwa hiyo, doña, wapo?”

“Binti yangu, wapo mpaka wanachosha. Hapo bwawani karpincho wanakula shayiri yangu kama ng'ombe wenye kibali. Panya wakubwa hivyo, kama kondoo, na aibu hawana. Twende ukawaone, utamaliza wino.”

Wakaenda. Bwawani palikuwa na maji na bata mmoja wa kufugwa.

“Jana walikuwa ishirini,” Hermelinda alisema.

“Bata?”

“Karpincho.”

Yanela alichutama ukingoni, akaokota kinyesi kilichofanana na tende kavu, akakinusa, akaandika. Kinyesi kibichi kilikubalika kama ushahidi. Hermelinda, aliyekuwa amekanyaga kinyesi hicho maisha yake yote bila kukishukuru, alikiangalia kwa heshima mpya.

Lakini siku ile haikwenda vizuri. Wanyama wale, ambao kila asubuhi alikuwa akiwafukuza kwa ufagio, walikuwa kama watu wa mtaani siku anapokuja mgeni wa kuomba mchango. Nyandu saba walionekana mbali juu ya kilima, ikabidi wahesabiwe kwa darubini. Bundi wa mashimoni alikuwa juu ya nguzo ya ua, kwa kuwa yeye haogopi mtu, ana dharau tu. Ndege chaja, mzito kama bata mzinga, alipiga kelele yake bondeni, akaandikwa. Kenge aliandikwa kwa vile alikamatwa akitoka kwenye banda la kuku na yai mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa yake Hermelinda alimwona mwizi wa mayai na kushika kifua kwa furaha.

“Watano,” alisema Yanela jioni. “Unafuga mbwa wangapi, doña?”

“Sita.”

“Basi ndiyo maana.”

“Hawa hawana neno. Hawa wanabweka tu.”

Mbwa sita walikuwa wamelala barazani, kila mmoja na kovu lake la kazi.

Alhamisi mambo yalichangamka. Alfajiri Yanela alitoka barazani akakuta kiatu kimoja. Cha pili kilipatikana mita mia kutoka hapo, kisigino kimetafunwa, alama za meno zimejipanga vizuri kama mhuri. Mbweha wa kule hupenda ngozi iliyopakwa mafuta kuliko kuku.

“Sita,” Yanela alisema, akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Siku zote zilizobaki alitembea na mabuti ya marehemu Olegario, namba arobaini na tatu, akiburuza kama mtu anayepiga deki.

Kisha mbwa wawili walirudi nyumbani wakinuka kiasi kwamba kuku wenyewe walihama. Yanela hakuhitaji kumwona kicheche. Alifunga pua, akaandika kwa mkono wa kushoto. Kijitoni wakapata nyayo za fisi maji na magamba ya samaki. Kwenye mawe wakampata nyoka kipiri anaota jua, na Hermelinda, ambaye mkono wake wa kulia ulikwisha kuokota jiwe kwa mazoea, ilibidi ajifanye analitazama jiwe lile kwa uzuri wake. Vichakani paa mwekundu alipiga chafya na kutoweka. Kinyesi cha paka pori, chenye manyoya ya sungura ndani, kilipatikana njiani kabisa, kama kimewekwa na mtu wa upande wao.

“Kumi na moja,” alisema Yanela. “Amebaki mulita tu.”

“Mulita ndiye rahisi kuliko wote,” alisema Hermelinda.

Na kweli ndiye angekuwa rahisi, kama asingekuwa mtamu. Kuwinda mulita kumekatazwa na sheria, jambo ambalo kila mtu kule analijua na kulisema kwa sauti nzito wakati akiwasha oveni. Nyama yake ni nyeupe na laini. Huokwa ndani ya gamba lake mwenyewe, kwa kitunguu saumu, siki na majani ya kotimiri, na Aprili ndipo amenona. Kwa hiyo mlima mzima ulikuwa umejaa mashimo ya mulita, na mashimo mengi yalikuwa ya kupangisha.

Alhamisi alasiri Hermelinda alijaribu njia nyingine. Kanuni iliruhusu ushahidi wa jirani kwa mnyama mmoja. Akampeleka afisa kwa Rubens, mwenye duka la njia panda, mtu ambaye alikuwa hajatoka nyuma ya kaunta yake tangu serikali mbili zilizopita.

“Mulita?” alisema Rubens, ameshika mizani kama anayeapa. “Binti, nimewaona Jumapili kwa macho haya. Mama na watoto wake saba, wanamfuata kama treni. Madume manne na majike matatu.”

Yanela alifunga daftari.

“Don Rubens, mulita huzaa mapacha watupu kutoka yai moja. Wakiwa saba wote ni madume, au wote ni majike.”

Rubens alimtazama Hermelinda. Hermelinda alitazama sardini rafuni.

“Labda,” alisema Rubens, “watatu walikuwa wageni.”

Ushahidi wa jirani ukafutwa kwa mstari mmoja, na kando yake Yanela akaandika neno ambalo Hermelinda hakuwa na miwani ya kulisoma. Njiani kurudi Hermelinda alikuwa akifikiria lifti.

Sasa hapa lazima aingie Don Primitivo Larrosa. Alikuwa jirani wa upande wa mashariki, mjane wa kiume wa miaka sabini na minne, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akija kula kwa Hermelinda kila Jumapili na hajawahi kuomba zaidi ya chumvi. Hermelinda alimpigia simu jioni hiyo.

“Primitivo, kesho asubuhi nitakuwa mlimani na huyu binti mpaka mchana. Njoo unishikie jiko. Ameshakula kondoo siku mbili, nitaona haya kumpa kondoo siku ya tatu.”

“Umeniambia mimi?” alisema Primitivo. “Mgeni kutoka mji mkuu? Niachie, doña. Hutaaibika.”

Na akaweka simu, akaenda kutafuta kofia yake na mbwa wake.

Ijumaa asubuhi walipanda mlima. Yanela aliingiza taa katika mashimo arobaini na mawili. Mengine yalikuwa na buibui, moja lilikuwa na bundi aliyeamshwa akakasirika, na mengi yalikuwa na hewa. Tero, ndege wa miguu myekundu, waliwazungukia wakipiga kelele mahali pasipo na viota vyao, kama ilivyo tabia yao, na Hermelinda, ambaye goti lilimuuma, aliwaambia kwamba hakuna aliyetaka mayai yao. Saa sita na nusu wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Walipofika kwenye lango la ua Hermelinda alisimama. Upepo ulitoka jikoni. Ulikuwa na kitunguu saumu, siki, kotimiri, na kitu kingine ambacho mtu aliyezaliwa huko hawezi kukikosea hata akiwa na mafua.

“Harufu nzuri,” alisema Yanela.

“Nguruwe,” alisema Hermelinda, kabla hajafikiri.

Alimwacha afisa akinawa kisimani, akaingia jikoni, akafunga mlango kwa mgongo. Primitivo alisimama mbele ya oveni na aproni yake yenye maua, anang'aa kwa jasho na fahari.

“Usifungue bado,” alisema. “Ngozi inakauka.”

“Primitivo. Umefanya nini?”

“Nimefanya kama angefanya baba yangu. Afisa wa serikali hapewi kuku.”

“Huyu ni afisa wa wanyama.”

“Ndiyo, kwa hiyo anajua kizuri.”

“Primitivo, nikikutwa na mulita ndani ya oveni, shamba linafutwa orodhani miaka mitano. Na nisipompata mulita mpaka saa tisa, Jumatatu Wilmar anatia sahihi. Nimekaa siku tatu natafuta mnyama mmoja, mmoja tu, na wewe unamtia vitunguu.”

Primitivo alikaa taratibu juu ya gunia la viazi. Ilionekana kwamba mambo haya mawili, mgeni na mulita, alikuwa hajawahi kuyaweka katika chumba kimoja.

“Lakini hukuniambia ni mulita mliyekuwa mnamtafuta,” alisema. “Ulisema binti anahesabu wanyama. Nikajua huyu wamekwisha kumhesabu. Yupo kila mahali.”

“Ulimpata wapi?”

“Kwenye mteremko nyuma ya josho lako. Jana jua linatua. Walikuwa watano, ndugu, wanafukua minyoo. Nikachukua mmoja tu,” akaongeza, “kwa adabu.”

Nyuma ya josho. Mita mia tatu kutoka kitanda alicholalia afisa. Hermelinda alifumba macho kidogo. Kisha akafunga aproni. Walimtoa mulita kwenye gamba, wakamchana nyama vipande vipande, wakamfunika kwa viazi na mchuzi mpaka asingetambuliwa na mama yake. Gamba Hermelinda akalipeleka chini ya kitanda, kwa wenzake.

Wakakaa mezani. Yanela alionja, akatafuna, akaacha kutafuna, akaanza tena.

“Nguruwe,” alisema.

“Mdogo,” alisema Primitivo.

“Wa humu shambani?”

“Wa humu humu.”

“Alikuwa akila nini?”

Primitivo alifikiri. “Minyoo,” alisema, na Hermelinda akampiga teke chini ya meza.

“Nguruwe wa minyoo,” alisema Yanela, akanyoosha sahani. “Niongezee kidogo, doña, kama kipo.”

Akaongezewa. Akaongezewa tena. Hermelinda hakumeza kitu. Alikuwa akihesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Ilipofika saa nane kasorobo hakuweza kuvumilia.

“Binti yangu, kabla hujaondoka, Don Primitivo anataka kukuonyesha josho langu.”

“Josho la kondoo?”

“La zege,” alisema Primitivo. “Zuri sana.”

Yanela aliwatazama wazee wale wawili, mmoja baada ya mwingine, akafuta mdomo, akavaa mabuti ya Olegario.

Mteremko nyuma ya josho ulikuwa na jua. Walikaa nyuma ya ukuta, wote watatu, kama watoto walioiba matunda. Robo saa ikapita, kisha nusu. Primitivo alianza kueleza jinsi zege lile lilivyokorogwa, ndipo majani yakatikisika. Akatoka mulita, pua chini, ana haraka ya mtu aliyechelewa benki. Akatoka wa pili. Kamera ya Yanela ikafanya mlio kama wa kidole kwenye bati, na mulita wote wawili wakageuka mishale.

Wa kwanza alipotea. Wa pili alikuwa amekwisha kuingia nusu shimoni wakati Primitivo, kwa kasi ambayo mke wake marehemu asingeiamini, alipojitupa kifudifudi na kukamata mkia.

“Nimemshika,” alisema, mdomo umejaa majani. “Piga picha.”

Yanela aliangalia kioo cha kamera. Picha ya kwanza ilikuwa ya ukuta. “Kanuni inataka kichwa kionekane,” alisema. “Mwaka juzi kuna mtu alitupigia picha ya mkia uliofungwa kwenye kijiti.”

“Watu wabaya,” alisema Hermelinda. “Mvute, Primitivo.”

Lakini mulita akiisha kushika ardhi, hata farasi hamtoi. Hukunja mgongo, magamba yakabana juu, kucha zikabana chini, na unaweza kuvuta mpaka mkia ubaki mkononi na mwenye mkia abaki kwake. Primitivo alivuta. Hermelinda alimvuta Primitivo. Yanela alitazama saa: nane na dakika ishirini na tano.

Sasa, ipo njia. Kila aliyekulia vilima vile anaijua, na wote wanakana kuijua mbele ya watu wa mji. Ni kidole kimoja, chini ya mkia, mahali ambapo sitapataja kwa kuwa wengine wanasoma wakila. Mulita hushangaa. Katika kushangaa huko husahau kubana. Primitivo alijua njia hiyo, Hermelinda aliijua, na kila mmoja alikuwa akisubiri mwenzake aaibike, kwa maana mbele ya afisa wa wanyama ingekuwa ni kujitangaza kwamba umemla mulita tangu ukiwa na meno ya utoto.

“Sogea, don,” alisema Yanela.

Aliweka daftari kwenye majani. Akavua saa, akaitia mfukoni. Akakunja mkono wa shati mara mbili, akapiga goti, akatemea kidole mate na kukiingiza bila kutafuta, kama mtu anayewasha taa chumbani kwake. Mulita akatoka shimoni laini kama soksi. Binti alimshika kwa kiganja chini ya tumbo, kichwa juu, miguu ikipiga hewa, na akamwelekeza kwenye jua.

“Kamera, doña. Kitufe cha juu.”

Hermelinda akabonyeza. Yanela akamgeuza mulita, akatazama chini, akasema, “Jike,” akamweka chini. Mulita akakaa sekunde moja akiwafikiria, kisha akaondoka zake.

Upepo ulivuma. Primitivo, bado amelala kifudifudi, aliinua kichwa.

“Siku hizi chuo kikuu wanafundisha vizuri,” alisema.

Yanela alikuwa akifuta kidole kwenye majani, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Masikio yake yalikuwa mekundu.

“Baba yangu alikuwa mlinzi wa reli huko Valentines,” alisema. “Tulikuwa tisa nyumbani.” Akaokota daftari. “Kanuni inasema afisa haruhusiwi kumgusa mnyama.”

“Nani amemgusa mnyama?” alisema Hermelinda. “Mimi nilikuwa nimeshika kamera.”

“Na mimi nilikuwa nimelala,” alisema Primitivo.

Yanela aliandika namba kumi na mbili, akaizungushia duara. Bila kuinua macho akasema, “Na nguruwe wenu, doña. Mama alikuwa akitia maji ya machungwa makali badala ya siki. Nyama haikauki.”

Hermelinda aliliweka jambo hilo akilini.

Fomu ilijazwa juu ya boneti ya gari, saa tisa kasoro dakika kumi. Ilikuwa ndefu kuliko alivyotegemea. Hermelinda aliisoma yote, kidole chini ya kila mstari, kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa darasa la nne. Aliahidi kwamba mbwa watafungwa usiku na mchana. Aliahidi kwamba mbweha hatapigwa, kenge hatafukuzwa bandani, karpincho hawatazuiwa bwawani hata wakila shayiri yote, na kipiri akiingia jikoni ataombwa atoke na mtu mwenye cheti. Aliahidi kukubali cheo cha mlinzi wa heshima wa wanyama wa tarafa, bila mshahara, mwenye wajibu wa kutoa taarifa ya mwindaji yeyote. Kwa miaka sitini ukoo wake ulikuwa umepigana na viumbe hivi, na sasa, kwa sahihi moja, alikuwa akiwakabidhi nyumba.

Kifungu cha mwisho kiliuliza: Je, unamfahamu mtu yeyote ambaye amewahi kukamata, kupika au kula mnyama aliyetajwa hapo juu?

Alimtazama Primitivo, aliyekuwa akitoa majani kwenye masharubu. Alimtazama afisa, aliyekuwa akiyatazama mawingu kwa bidii kubwa. Akaandika kwa herufi nzuri, zilizosimama wima: Hapana. Akatia sahihi.

Gari liliondoka saa tisa kamili na vumbi lake. Saa kumi simu ikalia.

“Herme, nimepigiwa na watu wa miti,” alisema Wilmar. “Wanasema kuna taarifa imetumwa kwa simu. Wanasema kuna mulita.”

“Yupo.”

“Mulita yupo kila mahali, Herme. Sisi tumekula mulita mpaka tumehitimu.”

“Sema polepole, Wilmar. Unaongea na mlinzi wa heshima wa tarafa.”

Upande wa pili Mirtha alisikika akiuliza ni nani na anataka nini.

“Nitakuja huko,” alisema Wilmar. “Wiki ya Utalii, likizo ya Pasaka, nakuja mwenyewe nihesabu.”

“Njoo, nyumba ni yako pia. Ila masharti yanasema wageni wasiwatishe wanyama, kwa hiyo Mirtha itabidi umwache.”

Akaweka simu. Primitivo alikuwa mlangoni na kofia mkononi, anazungusha ukingo wake.

“Na Jumapili?” aliuliza. “Jumapili tutakula nini sasa?”

“Kondoo,” alisema Hermelinda. “Kama mbweha atatubakizia. Shika kamba, unisaidie kufunga mbwa.”

Wakatoka barazani. Mbwa sita wakasimama, wakitikisa mikia, wakidhani wanakwenda kuwinda.